Kujirudi na kupokelewa: historia ya neno teshuva miongoni mwa Wayahudi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo msemaji wake hafikirii kuyaweka pamoja: toba na thawabu. Toba huombwa na mkosaji, thawabu hungojwa na mwema. Hata hivyo, wachunguzi wa lugha za Kisemiti wametuonyesha kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja, na kwamba asili yao ni kitenzi chenye maana ya kurudi. Mahali ambapo Mwarabu hutamka th, mara nyingi Mwebrania hutamka sh na Mwaramu hutamka t. Tatu kwa Kiarabu ni thalatha (ndugu wa thelathini yetu), kwa Kiebrania ni shalosh, kwa Kiaramu ni telata. Kwa kanuni hiyo, kitenzi cha Kiebrania shuv, kurudi, kina ndugu yake wa Kiarabu, thaba, nacho kimezaa thawabu, yaani kile kinachomrudia mtu kwa sababu ya tendo lake. Ndugu wa tatu ni tub ya Kiaramu. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Waarabu, mbali na kile cha kwao, walikiazima kitenzi hiki pia kutoka kwa majirani wao wasemao Kiaramu, kikaja na t yake na maana yake ya kidini. Ndicho kilichozaa tauba, ambayo pwani ya Afrika ya Mashariki iliipokea na kuiita toba. Basi asemaye kwamba ametubu, ajue asijue, amesema kwamba amerudi.

Wayahudi hawakusahau maana hiyo, maana kwao neno halikusafiri. Jina lao teshuva, linalotokana na shuv, bado lina maana ya marejeo ya mguu, marejeo ya moyo, na pia jibu: barua ambazo marabi waliandika kujibu maswali ya sheria huitwa kwa jina hilo hilo. Wakristo wa kwanza walioandika kwa Kigiriki walitumia metanoia, kubadili nia. Kilatini kikatumia paenitentia, neno ambalo polepole lilifungamana na adhabu ambayo mwenye kuungama hutakiwa kuitimiza. Kiswahili, kwa upande wake, kina neno ambalo kwa maoni yetu lapita yote hayo kwa kukaribia Kiebrania, nalo ni kujirudi. Kumrudi mtoto ni kumkanya na hata kumwadhibu. Kujirudi ni kuacha mwenendo mbaya bila kungoja fimbo ya mwingine. Tutalitumia neno hilo katika makala haya. Twakusudia kufuata historia ya teshuva katika vipindi vichache, na kuuliza swali ambalo wanaoandika juu ya maisha ya kiroho hulipita upesi: mtu akisha kujirudi, nani anampokea, naye anapokelewa akiwa nani?

Manabii walilitumia neno hili wakiwa na njia halisi machoni pao. Hosea, katika ufalme wa kaskazini, karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwaita watu wake wamrudie Mungu kama mke aliyetoka nyumbani. Yeremia alikwenda mbali zaidi. Sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mume kumrudisha mke aliyempa talaka ikiwa mke huyo ameolewa na mwingine. Yeremia anaitaja sheria hiyo waziwazi, anakubali kwamba ndivyo ilivyo, kisha anatoa mwito wa kurudi hata hivyo. Tangu mwanzo, basi, marejeo yalikuwa na jambo ambalo hesabu ya kawaida ya haki ilikuwa haiwezi kulieleza. Mwaka 586 kabla ya Kristo Yerusalemu uliangamizwa na watu wakapelekwa Babeli. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi aliuteka mji wa Babeli, na baadhi ya wahamishwa wakapata ruhusa ya kwenda kwao. Tangu hapo kumrudia Mungu na kurudi nyumbani ni mambo mawili yaliyobebwa na kitenzi kimoja, na sala za Wayahudi hazikuyatenganisha tena.

Warumi walipoliteketeza Hekalu mwaka 70, sadaka za kuteketezwa zilikoma. Kuhani aliyekuwa akitoa kafara kwa ajili ya watu wote hakuwa tena na madhabahu. Kazi iliyokuwa yake ikawaangukia watu wenyewe, kila mmoja kwa nafsi yake: kuomba, kufunga, kutoa sadaka kwa maskini, na kujirudi. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu na mwaka 200, inaeleza kwamba Siku ya Upatanisho husafisha makosa kati ya mtu na Mungu, bali makosa kati ya mtu na mwenzake haiyasafishi mpaka mwenzake huyo aridhishwe. Wasomaji wengi wanaijua sheria hiyo. Ipo nyingine, isiyojulikana sana, katika sehemu ya Mishna inayohusu mambo ya biashara. Baada ya kueleza udanganyifu wa bei, walimu wanasema kwamba kuna udanganyifu wa maneno pia, na mfano wao mmojawapo ni kumkumbusha mtu aliyejirudi matendo yake ya zamani. Jambo hilo, ambalo sisi tungeliita ukosefu wa adabu, wao waliliweka katika mlango mmoja na mizani ya uongo.

Kisa kinachoonyesha uzito wa sheria hiyo kimo katika Talmudi ya Babeli, katika mlango mwingine wa sehemu hiyo hiyo ya biashara. Shimoni bin Lakishi, aitwaye kwa kifupi Resh Lakishi, aliishi katika Galilaya karne ya 3, na inasimuliwa kwamba hapo kwanza alikuwa mnyang'anyi. Rabi Yohana, mwalimu mkuu wa Tiberia, alikutana naye mtoni Yordani, akamvuta katika elimu, akamwoza dada yake, akamfanya mwanachuoni aliyelingana naye. Miaka ikapita. Siku moja palizuka hoja katika nyumba ya masomo: upanga, kisu na mkuki huhesabiwa kuwa vyombo vilivyokamilika, na hivyo kuweza kupata unajisi, tangu lini? Yohana akasema, tangu vinapofuliwa katika tanuru. Resh Lakishi akasema, tangu vinaposuguliwa kwa maji. Yohana akajibu kwa maneno ya kuchoma, kwamba mnyang'anyi hakosi kuijua kazi yake. Resh Lakishi aliumia moyo, na maneno yakazidi kati yao, akaugua, akafa. Yohana naye hakupata tena mwenzi wa kumpinga katika masomo. Alimlilia ndugu yake mpaka akili ikamwacha, kisha akafa naye.

Kama mambo yalitukia hivyo au hapana, mwanahistoria hawezi kuamua. Tunalolijua ni kwamba waliokusanya Talmudi waliona vyema kulisimulia tukio hilo kwa hasara ya mmoja wa wakubwa wao. Tena tazama swali lenyewe lililowagombanisha: chombo hukamilika lini, motoni au majini? Ni vigumu kuamini kwamba msimulizi hakujua analofanya. Yohana alidhani mtu hubaki vile alivyofuliwa mara ya kwanza. Huyu Resh Lakishi ndiye anayetajwa katika Talmudi kuwa na mafundisho mawili juu ya teshuva: ajirudiye kwa hofu, makosa yake ya kusudi huhesabiwa kuwa ya bahati mbaya, na ajirudiye kwa mapenzi, makosa yake ya kusudi hugeuka kuwa mema. Hoja hiyo ya pili ni ya kushangaza, na marabi wa baadaye walihangaika nayo sana. Pengine mtu aliyekuwa mnyang'anyi aliweza kuisema kuliko wengine. Juu ya cheo cha aliyejirudi pia hawakuafikiana. Rabi Abahu alishika kwamba mahali wanaposimama waliojirudi, wenye haki kamili hawafikii. Yohana, huyo huyo wa Tiberia, alishika kinyume.

Mabishano hayo ya nyumba ya masomo yaligeuka kuwa jambo la watu wengi pale Wayahudi walipolazimishwa kubadili dini. Katika nchi za mto Rhine, Rabi Gershomu wa Mainz, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, anahesabiwa kuwa ndiye aliyetoa amri ya kumpiga marufuku yeyote atakayemkumbusha aliyerudi kwamba aliwahi kubatizwa. Mwaka 1096 makundi ya vita vya msalaba yalipita huko na kuua watu wengi. Wengine walibatizwa kwa nguvu. Mwaka uliofuata mfalme Henri wa Nne aliwaruhusu hawa kuirudia dini yao. Rashi, mfasiri mkuu wa Maandiko aliyekufa mwaka 1105, alifundisha kwamba Mwisraeli ajapokosa hubaki Mwisraeli, na kwamba wasifukuzwe. Karne iliyofuata, wacha Mungu wa Ujerumani walishika mkondo mwingine: Eleazari wa Worms aliandika orodha za mateso ambayo aliyejirudi hujitia, mfungo juu ya mfungo, kukaa katika theluji, mateso yenye kulingana na raha ya dhambi. Hatutaki kuwahukumu, waliishi katikati ya Wakristo waliofanya vivyo hivyo, tena kwa ukali. Ila neno la kurudi linapopimwa kwa uzito wa adhabu, hubaki lile rudi la kwanza tu, la fimbo.

Andalusia na Afrika ya Kaskazini zilichukua njia nyingine, na hapa ndipo tunapotaka kukaa. Wayahudi wa huko waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Bahya bin Pakuda, katika karne ya 11, alitunga kitabu cha wajibu wa moyo kilichogawanyika katika milango kumi. Mlango wa saba ni wa tauba, neno lile lile tuliloanza nalo, na wasomaji wanaowajua masufi hawatakosa kusikia sauti yao humo. Lakini aliyeipa teshuva sura yake ya kisheria hadi leo ni Musa bin Maimuni, ambaye Ulaya humwita Maimonides.

Alizaliwa Cordoba mwaka 1138, au 1135 kwa hesabu nyingine. Mwaka 1148 mji uliangukia mikononi mwa Muwahidina, watawala wa Kiberberi waliokataa desturi ya kuwalinda Wayahudi na Wakristo kwa kodi. Waliwataka wakiri Uislamu, wahame au wafe. Familia yake ilitangatanga, na kwenye mwaka 1160 ilikuwa Fez, katika nchi ya Moroko, chini ya utawala huo huo. Kuna mwanahistoria wa Kiislamu, Ibn al-Kifti, aliyefariki mwaka 1248, aliyeandika kwamba Musa mwenyewe alijionyesha kuwa Mwislamu kwa nje, na kwamba baadaye, akiwa Misri, mtu mmoja kutoka Andalusia alimshtaki kwa kuuacha Uislamu. Kadhi al-Fadhil, waziri wa Salahudini, alihukumu kwamba dini iliyopokewa kwa kulazimishwa si dini. Wataalamu wa leo wanashindana juu ya habari hiyo. Sisi tunasema tu kwamba, ikiwa ni kweli, basi wa kwanza kumtetea Musa bin Maimuni katika suala la marejeo alikuwa hakimu wa Kiislamu.

Katika miaka hiyo ya Fez iliandikwa barua iitwayo Barua juu ya Maangamizi ya Dini. Wengi humpa Musa bin Maimuni barua hiyo, ingawa wapo wanaotia shaka. Chanzo chake kilikuwa hukumu ya mwanachuoni mmoja ambaye barua haimtaji jina: kwamba kila aliyetamka shahada, hata kwa hofu ya upanga, ameritadi; kwamba sala anazosali kwa siri hazina maana, na tena zinamwongezea kosa. Mwandishi anamjibu kwa hasira isiyofichwa. Watawala hawa, asema, wanadai maneno ya mdomo tu, hawadai tendo. Asiyependa kufa hakukosa kiasi cha kufukuzwa. Wajibu wake ni kuondoka, aende nchi ambako atashika dini yake wazi, aache mali yake kama ni lazima. Na kabla hajaondoka, ashike amri anazoweza kushika, hata kama ni moja, wala asidhani kwamba kwa kuwa amevunja kubwa, dogo halina thamani. Hata mtu anayevunja sabato hadharani, akija katika sinagogi, asisukumwe nje bali avutwe karibu.

Msomaji ataona hatari iliyokuwapo. Hukumu ya mwanachuoni yule ilikuwa na usafi wake: ama hivi, ama vile. Lau ingefuatwa, maelfu ya watu waliotamka shahada huku wakifundisha watoto wao Torati gizani wangeambiwa kwamba wameshatoka, mlango umefungwa. Mtu aliyeambiwa hivyo kila siku mwishowe huamini, akaacha kuutafuta mlango wenyewe.

Familia ya Maimuni iliondoka Moroko kwa merikebu mwaka 1165, ikafika Akka, kisha Misri, wakakaa Fustat, karibu na Kairo. Huko, kati ya mwaka 1177 na 1180 hivi, Musa alimaliza Mishne Torati, sheria zote za Kiyahudi katika vitabu 14. Katika kitabu cha kwanza, kiitwacho cha Maarifa, aliweka Sheria za Teshuva, sura kumi. Kabla yake hakuna aliyezikusanya sheria hizo namna hii. Zilikuwa zimetawanyika katika Talmudi kama punje.

Anaanza na ulimi. Ajirudiye hana budi kulitaja kosa lake kwa maneno, si kuwaza tu. Kisha anauliza ni lini kujirudi kumekamilika, na jibu lake halina machozi ndani yake: pale mtu anapokutana tena na jambo lile lile, nafasi ikiwapo na nguvu zikiwapo, naye akajizuia, si kwa kuogopa watu wala kwa kudhoofika mwili. Mzee anayeacha uzinzi kwa sababu ya uzee amejirudi pia, asema, ila si kwa ukamilifu. Miongoni mwa njia za kujirudi anataja kubadili jina, kana kwamba mtu asema kwamba yeye ni mwingine, siye yule aliyetenda. Na anataja kuhama mahali, maana uhamisho humnyenyekeza mtu. Aliyeyaandika hayo alikuwa mhamishwa.

Kwa makosa ya mtu na mwenzake, sheria yake ni ya kina, na inagusa pande zote mbili. Aliyeiba arudishe mali kwanza, kisha aombe radhi. Akikataliwa, alete marafiki watatu wamwombee. Akikataliwa tena, alete wengine, hata mara ya tatu. Baada ya hapo amwache, na sasa mkosaji ni yule aliyekataa kusamehe. Kama aliyekosewa ameshafariki, mkosaji apeleke watu kumi kaburini kwake, akiri mbele yao. Na kama alikuwa anamdai mali, awape warithi. Katika sura ya nne anahesabu mambo 24 yanayomzuia mtu kujirudi, na baadhi yake ni makali kwa udogo wake: kula chakula cha mwenyeji ambaye hana cha kumtosha mwenyewe, kutumia rehani ya maskini, kugawana mali na mwizi mpaka usijue wa kumrudishia. Mshirika wa mwizi alishawekwa hapo, miaka zaidi ya 800 iliyopita, miongoni mwa watu ambao marejeo yao ni magumu, na sababu ni ya kivitendo kabisa: hajui aende mlango gani.

Sura ya tano na ya sita zaeleza hiari ya mtu. Bila hiyo, mwito wa kurudi ungekuwa mzaha. Katika sura ya saba mambo hubadilika. Usidhani, asema, kwamba kujirudi ni kwa dhambi zenye tendo tu, kama wizi. Mtu hutakiwa ajirudi pia kutoka katika hasira, uadui, husuda, tamaa ya mali na ya heshima, na hizo ni ngumu kuliko zile. Hapo teshuva si kulipa deni tena. Imekuwa malezi ya nafsi ambayo hayana siku ya mwisho. Katika sura hiyo hiyo anachagua upande katika hoja ya Abahu na Yohana: aliyejirudi asijione yu mbali na cheo cha wenye haki, amependwa, na ujira wake ni mkubwa kuliko wao, kwa kuwa ameonja dhambi na akatengana nayo. Na karibu na mwisho wake anarudia sheria ya zamani: ni dhambi kamili kumwambia aliyejirudi akumbuke matendo yake ya kwanza, au kuyataja mbele yake ili kumwaibisha. Sura ya kumi inamalizia kwa kukataza kumtumikia Mungu kwa ajili ya ujira au kwa hofu ya adhabu. Mtoto na mjinga hufundishwa kwanza kwa hofu na zawadi. Maarifa yao yakikua, hufunuliwa polepole siri ya kutumikia kwa mapenzi. Kitabu kilichoanza na ungamo la mkosaji kinaishia katika mapenzi, na kwa lugha yetu tungesema kwamba hapo toba imeachana na ndugu yake thawabu.

Tungependa kusema kwamba baada yake mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa. Machafuko ya mwaka 1391 katika Hispania, amri ya kufukuzwa ya mwaka 1492, na ubatizo wa nguvu wa Ureno mwaka 1497, vilizaa kizazi baada ya kizazi cha Wakristo wa jina. Katika karne ya 17 wengi wao walifika Amsterdam, wakairudia dini ambayo hawakuwahi kuiona. Jumuiya yote ilikuwa ya watu waliorudi. Mmoja wao, Uriel da Costa, mzaliwa wa Porto, aliona kwamba Uyahudi alioukuta haukufanana na ule alioufikiria akisoma Biblia peke yake. Akabishana na marabi, akatengwa. Aliporudi mara ya mwisho, kwa masimulizi yake mwenyewe, alisoma ungamo mbele ya mkutano, akapigwa mijeledi 39, kisha akalazwa kizingitini mwa sinagogi, watu wakamvuka wakitoka. Mwaka 1640 alijiua. Wale waliomvuka walikuwa na wazazi au mababu waliowahi kupiga magoti mbele ya sanamu kwa woga. Twaweza kuwaelewa: jumuiya changa, iliyoishi kwa hisani ya wenyeji, iliogopa kila fujo. Lakini kwa kipimo cha sura ya saba ya Musa bin Maimuni, ambayo viongozi wao waliijua vizuri, siku hiyo si Uriel peke yake aliyehitaji kuungama.

Juu ya karne ya 20 tutasema machache. Mwaka 1925 Abrahamu Isaka Kook, rabi mkuu wa Waashkenazi katika Palestina, alitoa kitabu cha Mianga ya Teshuva, ambamo marejeo ni mwendo wa ulimwengu mzima na dhambi ya mtu mmoja ni sehemu ndogo tu ya mwendo huo. Mwaka 1913 Franz Rosenzweig, kijana msomi wa Ujerumani aliyekuwa ameamua kubatizwa, aligeuza nia na kubaki Myahudi. Husimuliwa kwamba jambo hilo lilitukia katika sinagogi moja la Berlin Siku ya Upatanisho. Masimulizi hayo yametiliwa shaka, bali uamuzi wenyewe hauna shaka.

Mkondo mmoja wa waliofukuzwa Hispania ulifika kwetu. Baada ya Waturuki kukiteka kisiwa cha Rhodes mwaka 1522, Wayahudi wenye asili ya Hispania walikaa huko, wakatunza Kihispania chao kwa karne nne. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa kisiwa hicho walianza kuja Kongo kutafuta biashara, wengi wao Katanga, na mwaka 1930 sinagogi lilijengwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Rabi wao Moïse Levy aliwasili mwaka 1937. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz, nao wachache sana walitoka hai. Kwa waliokuwa Katanga, moja ya maana mbili za kale za shuv ilikatika siku hiyo: nyumba ya kurudia haikuwapo tena. Iliyobaki ni ile nyingine.

Mkesha wa Siku ya Upatanisho masinagogi husoma Kol Nidre, tangazo la kufuta nadhiri. Wengi huamini kwamba lilitungwa na waliobatizwa kwa nguvu katika Hispania ili kufuta viapo vyao. Si kweli, lilijulikana tangu karne ya 9, na Rabi Amramu wa Babeli alilitaja bila kulipenda. Waliolazimishwa hawakulitunga, lakini inaeleweka kwa nini walilishika kama lao. Kabla yake husomwa maneno machache zaidi, ambayo huhusishwa na Rabi Meiri wa Rothenburg, aliyefia gerezani mwaka 1293. Msomaji wa sala husimama, wazee wawili wakiwa kuume na kushoto kwake kama baraza la hukumu, na kwa idhini ya baraza la mbinguni na la duniani hutangaza kwamba ni halali kusali pamoja na waliokosa. Sala haianzi kabla ya ruhusa hiyo kutamkwa.